Sikiliza Chini: Santuri za Mulatu Zenye Moto

Leo nazungumza nawe nikiwa nyumbani Kasikeu, Ukambani, na nimekuja na swali ambalo si langu. Ni la kijana mmoja wa hapa sokoni ambaye kazi yake ni kuwawekea watu nyimbo kwenye simu na kwenye flashi. Kibanda chake ni cha mabati, mlangoni kuna spika moja kubwa iliyofungwa kwa waya isianguke, na kuanzia asubuhi mpaka magari ya mwisho yanapotoka mjini Sultan Hamud spika hiyo hainyamazi. Wiki jana nilipita pale kununua ndengu kwa jirani yake, akaniita.

"Mzee, shikamoo. Kuna huyu mtu wa Ethiopia anaitwa Mulatu. Wateja wawili wamemuulizia. Nimepata nyimbo zake nyingi sana lakini nyingine ni za kulala. Mimi nataka zile zenye moto, zile za fanki. Nianze na albamu gani?"

Alinionyesha simu. Nyimbo zilikuwa zaidi ya mia, zimemwagwa humo bila mwaka, bila jina la albamu, nyingine zimeandikwa nambari tupu. Wimbo wa 1966 umekaa ubavuni mwa wimbo wa 2013 kana kwamba zilitoka chungu kimoja. Nilimwambia nitamjibu redioni, kwa sababu najua hayuko peke yake. Watu wengi humsikia Mulatu Astatke kwa wimbo mmoja, wakaenda kumtafuta, wakaangukia upande wake wa upole, wakaondoka wakidhani ndiye huyo tu. Linaniuma hilo. Mtu huyu ana santuri zinazoweza kuinua vumbi la soko hili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jazi, maana hapa kwetu lina historia yake. Fikiria majina ya bendi tulizokua nazo: Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, OK Jazz ya Franco kule Kinshasa. Hakuna hata moja iliyopiga jazi kama ile ya New Orleans. Misiani alipiga benga, Franco alipiga rumba. Neno Jazz kwenye jina la bendi lilikuwa tangazo: hapa kuna magitaa, pengine na matarumbeta, hapa watu wanalipa mlangoni na kucheza mpaka alfajiri. Kwa hiyo kijana wa Kasikeu akiambiwa fulani ni mwanamuziki wa jazi, halafu akatarajia miguu isogee, hajakosea. Amerithi maana hiyo kutoka kwa babu zake.

Mulatu ni wa jazi kwa maana ile nyingine, ya darasani. Alizaliwa Jimma, magharibi mwa Ethiopia, mwaka 1943. Alipelekwa Wales akiwa kijana ili asomee uhandisi, muziki ukamteka hukohuko. Akaingia Trinity College of Music ya London, kisha akavuka bahari hadi Boston, katika chuo cha Berklee, ambako alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Chombo chake kikuu ni vibrafoni. Kama hujawahi kukiona, fikiria marimba, lakini mahali pa mbao kuna vyuma. Chini ya kila chuma limening'inia bomba, na ndani ya bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Chuma kikigongwa, kisahani kinafungua na kufunga mdomo wa bomba, na sauti inatoka ikitetemeka kama maji ya mtungi uliotikiswa. Mtetemo huo ndio unaowadanganya watu kwamba Mulatu ni wa kulala. Sikio linaukimbilia kwa sababu uko juu na unang'aa. Fanki haikai huko juu.

Nitaieleza fanki jinsi ninavyoijua. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Muziki mwingi wa Marekani wa kabla yake uliupenda mguu wa pili na wa nne, pale unapopiga makofi. James Brown, katikati ya miaka ya 1960, aliigeuza bendi yake nzima ikatua kwenye moja. Besi, dramu, gitaa, matarumbeta, wote wanatua pamoja kwenye moja, kwa kishindo, kisha wanatawanyika. Baada ya hapo kila chombo kinasema neno lake fupi na kunyamaza, na kati ya neno na neno kuna pengo. Mwili wa msikilizaji ndio unaoingia kujaza pengo hilo. Ndiyo maana huwezi kuisikiliza fanki ukiwa umekaa kama uko kanisani.

Sasa mtu wa Ukambani hahitaji kwenda Marekani kujifunza kusikiliza namna hii. Nilipokuwa mtoto niliwaona akina mama wazee wakicheza kilumi. Ngoma zilikuwa zikianza, na wao wamesimama tu, hawasogei, wengine wameinamisha vichwa. Walikuwa wakingoja. Ngoma kubwa ilipokaa mahali pake, ilipopata uzito, ndipo bega la kwanza lilipotikisika. Hawakusubiri mwimbaji awafurahishe. Walisikiliza chini.

Hata benga yetu ndivyo ilivyo. Chukua santuri yoyote ya Peter Mwambi na Kyanganga Boys, usikilize dramu ile kubwa inavyopiga wima, haikwepi, haibembelezi. Chukua Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, yule aliyeimba sana kwa Kiswahili ili asikike nje ya Ukambani, mpaka alipofariki mwaka 1987. Kuna gitaa la pili humo, liko juu kabisa, linazunguka kasi na kwa wepesi kama baiskeli iliyopinduliwa mtoto akaizungusha gurudumu. Hapo ndipo tunapoachana na James Brown. Mkamba akiona pengo analijaza kwa gitaa la juu, mtu wa fanki akiona pengo analiacha wazi. Lakini wote wawili wameiachia besi iamue watu watembee vipi. Kwa hiyo, kijana wangu, unapotafuta moto katika santuri za Mulatu, chukua sikio lilelile unalotumia kwa Kakai. Iache vibrafoni ipite. Uliza besi inafanya nini.

Ukiuliza hivyo, mwaka 1966 unajibu haraka. Mwaka huo, akiwa New York, Mulatu alitoa albamu mbili za Afro-Latin Soul kupitia kampuni ya Worthy. Ni muziki mzuri, na mtu aliyekulia kwenye rumba atajisikia nyumbani, kwa sababu umechota kutoka kisima kilekile cha Kuba ambacho bendi zetu na za Kongo zilichota kwa kusikiliza santuri za mfululizo wa GV. Lakini besi humo ina adabu nyingi. Inaisindikiza piano, haimwamrishi mtu. Nakushauri uziache kwanza, utazirudia ukishampenda mwenyewe.

Ruka miaka sita. Mwaka 1972 Mulatu yuko New York tena, kwa Worthy ileile, na anarekodi albamu inayoitwa Mulatu of Ethiopia. Hapa ndipo nataka tukae.

Ina nyimbo saba tu. Ule wa kwanza unaitwa kwa jina lake mwenyewe, Mulatu, na ndani ya muda mfupi unajua kuna jambo limebadilika. Besi imeshuka mpaka tumboni, inarudia maneno yaleyale machache bila kuchoka. Gitaa halipigi nyuzi za kuimba. Linakanyagiwa kifaa kile kinachoufungua na kuufunga mdomo wa sauti, likawa linaongea kama mtu anayenung'unika. Tumba zinajibu. Juu ya hayo yote saksafoni inaleta sauti ya Ethiopia, ile ngazi ya noti tano ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau, ina huzuni na kiburi kwa pamoja. Mulatu alisema mara nyingi kwamba kazi yake ilikuwa kuzikutanisha noti tano za kwao na kumi na mbili za Kizungu bila za kwao kupotea. Katika albamu hii zimekutana juu ya sakafu ya fanki, na sakafu haikubonyea.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya mwenyewe. Wimbo Mascaram Setaba uko kwenye albamu ya kwanza ya 1966, na uko tena kwenye hii ya 1972. Mascaram, yaani Meskerem, ni mwezi wa kwanza wa kalenda ya Ethiopia, mwezi wa mwaka mpya, mvua ikiwa imekwisha. Weka wimbo wa 1966, usikilize. Halafu weka wa 1972. Mtunzi ni yuleyule, tuni ni ileile. Lakini wa kwanza umevaa viatu vya ukumbi wa Kilatini, wa pili umekanyaga udongo. Nimewafanyia jaribio hili watu waliosema hawajui chochote kuhusu jazi, tukiwa tumekaa nje jioni, na kila mara mguu wa mtu umeanza kugonga kwenye wimbo wa pili.

Na usiishie upande wa kwanza. Chifara, wimbo unaofunga albamu, ndio wenye subira kuliko yote. Hauna haraka ya kukuonyesha lolote. Besi inaweka njia, wengine wanapita juu yake mmoja mmoja, na kadiri unavyoendelea ndivyo unavyozidi kukushika.

Kwa kijana mwenye spika moja mlangoni nina neno la pekee. Albamu hii ilitolewa upya mwaka 2017 na kampuni ya Strut, na pamoja na ile stereo iliyozoeleka walitoa pia mchanganyiko wa mono. Usiidharau mono. Ukipiga stereo, kisha waya wako ukaunganisha upande mmoja tu, chombo kilichowekwa upande wa pili unakipoteza, na pengine ni tumba zenyewe. Mono imewaweka wanamuziki wote mahali pamoja. Kwa kibanda cha Kasikeu, hiyo ndiyo inayofaa.

Mwaka 1974 anatoa Yekatit Ethio Jazz, safari hii nyumbani Addis Ababa, kwa Amha Records. Huyo Amha Eshete anastahili heshima. Serikali ya mfalme ilikuwa imeshikilia peke yake haki ya kutoa santuri, naye mwaka 1969, akiwa bado kijana, akaanzisha kampuni yake hivyohivyo na kwenda kuchapisha santuri zake India. Asingethubutu, sehemu kubwa ya muziki tunaouzungumzia leo isingekuwepo. Yekatit ni mwezi ambao mapinduzi yalianza mwaka huohuo wa 1974, yaliyomwondoa Haile Selassie, na baadaye amri za kutotoka nje usiku zikazima kumbi za Addis moja baada ya nyingine. Ndani ya albamu hiyo kuna Yekermo Sew, wimbo ambao dunia iliujua baada ya filamu Broken Flowers ya Jim Jarmusch, mwaka 2005. Gitaa lake linakwaruza, besi yake ni nzito. Ni fanki, sikatai, lakini ni fanki ya mtu anayetembea peke yake usiku akiwaza. Kwa kucheza naiweka nyuma ya ile ya 1972. Kwa kukaa nayo rohoni, pengine naiweka mbele.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mulatu alirudi masikioni mwa dunia mwaka 1998, pale Mfaransa Francis Falceto alipotoa santuri ya nne ya mfululizo wa Éthiopiques, iliyojaa kazi za Mulatu za kati ya 1969 na 1974. Falceto alifanya kazi kubwa ya kuokoa muziki huo, na watu wengi humwanzia Mulatu hapo. Lakini ule ni mkusanyiko, tena wa santuri zilizotoka Addis. Albamu ya New York ya 1972 haimo humo. Mtu ana Éthiopiques, anaona amemaliza, kumbe chungu chenye pilipili hajakifunua. Baadhi ya zile nyimbo mia kwenye simu ya kijana wangu zilitoka kwenye Éthiopiques hiyo. Humohumo ndimo ulimotoka Yegelle Tezeta, wimbo ambao Nas na Damian Marley waliutumia mwaka 2010 katika As We Enter. Vijana wa rapu, mkiusikia ule wa Mulatu mtautambua bila kuambiwa.

Sipendi mtu adhani moto wake uliishia miaka hiyo. Mwaka 2009, akiwa na miaka sitini na ushee, aliingia studio London na kundi la Heliocentrics, wakatoa Inspiration Information 3. Mpiga dramu wao ni Malcolm Catto, na dramu zake zimewekwa mbele, kavu, bila kupambwa, utadhani anapiga ndani ya chumba chako. Wale ni vijana waliokua wakizisaka santuri za Mulatu, na wakati wa kupiga naye ulipofika hawakumpigia kwa kumwogopa. Walimsukuma. Baada ya ile ya 1972, hii ndiyo ya pili kwangu. Mulatu Steps Ahead ya 2010 na Sketches of Ethiopia ya 2013 ni kazi za mtu mzima aliyetulia, ziweke jioni watoto wakishalala.

Utaniuliza kwa nini basi miaka ile, 1972 mpaka 1974, ndiyo iliyopata uzito huo. Jibu ni kwamba besi ilikuwa imeshuka kila mahali. Septemba 1974 James Brown mwenyewe alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Hapa Kenya tulikuwa na Matata, waliokwenda London na kurekodi huko, na Mombasa ilikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, walioimba soul kwa namna ambayo mgeni asingeamini ni vijana wa pwani yetu. Mulatu hakuzuka peke yake. Alichofanya yeye ni kukubali besi ishuke bila kuzitupa noti tano za kwao.

Kwa hiyo jibu langu, kijana wangu, ni hili: futa ule mchanganyiko wa nyimbo mia. Tafuta Mulatu of Ethiopia ya 1972, iweke nzima, kwa mpangilio wake, na uandike mwaka kwenye faili ili mteja ajue anachopewa. Akiipenda, mpe ile ya 2009. Na ikiwezekana zinunue kwa njia halali, kwa maana wanaozitoa upya santuri hizi wanahitaji kuuza ili watoe nyingine.

Nina ombi pia kwa wazee wenzangu wa Kasikeu, wa Kilungu na wa kule Mbooni. Najua baadhi yenu mna santuri za Kikamba ndani ya masanduku, zile ndogo za nyimbo mbili. Nyingi kati ya hizo zimegawanya wimbo mmoja pande mbili: upande wa kwanza ni wa maneno, na upande wa pili mwimbaji anakaa kando, magitaa na besi vinashika hatamu. Kwetu moto mwingi umefichwa kwenye upande huo wa pili, na vijana hawajausikia. Msiziache zimelala chali moja juu ya nyingine chini ya mabati, joto linazipinda na zikishapinda hazinyooki. Zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na jua, kila moja ndani ya karatasi yake. Na mwenye gramafoni inayofanya kazi aje aniambie, tuzicheze, kijana wa kibandani azinakili.